Jeshi Langu Lina Njaa, na Ngano ni ya Mkwe

Mama Ernestine, mshauri wetu wa redioni kila Jumamosi, jambo sana mama, nakuandikia nikiwa nimeketi katika kabini ya camion, lori langu la kazi, na kabla sijaanza nakuomba kitu kimoja tu, usilitaje jina langu hewani, maana shida hii ni ya aibu na Kolwezi ni mji mkubwa kwa mashimo lakini mdogo kwa maneno.

Mimi kazi yangu ni kuendesha camion-citerne, ile ya kumwagia maji barabara za mgodi ili vumbi litulie. Nina mchumba, jina lake Falonne, anashona nguo nyumbani kwao pale Dilala, ninampenda mama, na sitasema mengi juu ya hilo nisije nikalia juu ya usukani. Baba yake ni Tata Modeste Kapend, Mlunda wa kule Kapanga, alikuwa mkuu wa stesheni ya reli mpaka alipostaafu, na mama yake, Mama Myriam, ni Mluba wa upande wa Kamina kama mimi. Mwanzoni mwa kiangazi nilituma wajomba zangu kwao kubisha hodi, wakapokelewa vizuri, wakapewa viti, lakini Tata hakusema ndiyo wala hapana, alisema hivi tu: «Muniachie huyu petit nimuone kwanza. Jibu nitamupatia mi mwenyewe, haitapita mu kinywa ya mutu.» Na tangu siku hiyo mimi ni mtu wa kungoja jibu, nakula nalingoja, naendesha nalingoja.

Sasa sikia yaliyonipata. Falonne aliona mimi na baba yake tukikutana tunaangalia viatu vyetu tu, akatuwekea mchezo mmoja wa kujenga milki, mimi kwenye simu yangu na baba yake kwenye tablette, akasema mtazoeana humo. Mchezo wenyewe uko hivi, kila mmoja anaanza na mji mmoja, analima, anachimba, anajenga, anafundisha askari, akimaliza zamu yake anabonyeza na mwenzake anacheza, basi mimi hucheza wakati tangi langu linajaa maji, na Tata hucheza nyumbani akiwa amenyoosha mguu wake unaomuuma. Mji wake mkuu aliuita Musumba, kama ule wa mfalme wao, na wangu nikauita Kamina. Zamu za mwanzo kabisa wakaja wanyang'anyi wa porini, wale ambao mchezo wenyewe unawaleta, wakanichomea shamba langu la kwanza, na mama, hofu iliyoniingia siku hiyo haijatoka mpaka leo, nikaapa hakuna atakayenigusa tena, nikapata shaba mlimani, shaba yote nikafua mikuki, zamu ikija mikuki, zamu ikirudi mikuki, na Merdi, fundi wa magari pale parking, anachungulia begani kwangu akisema, «Ongeza basoda, Mulunda asikucheke,» nami naongeza askari, mpaka Kamina sasa haina soko, haina ghala, na mashamba yamebaki na wazee maana vijana wote wako jeshini.

Tata Kapend yeye hakuwa na haraka, alijenga barabara, mwisho wa barabara akaweka soko, akajenga barabara nyingine, ghala zake zimejaa, Musumba inang'aa, na langoni pake amesimama mzee mmoja mwenye upinde, yule ambaye mchezo unampa kila mtu bure mwanzoni. Mmoja, mama! Na jeshi langu lote liko mpakani linamtazama.

Lakini askari wa mchezo huu anakula ngano na anataka mshahara kila zamu, kwangu hazina imekauka, na simu imeshanionya kwamba nikiimaliza zamu hii hivi hivi, askari wataanza kutoroka na watu wa Kamina watakufa njaa.

Na hapa ndipo penye uchungu wenyewe. Tata Kapend aliiona hali yangu, maana ramani haifichi, akanitumia msafara wa ngano kama zawadi, simu ikaniuliza nikubali au nikatae. Wewe ni mtu mzima mama, unajua, kwetu mwanaume hali chakula cha wakwe mpaka wao wenyewe wamfungulie kinywa, wampikie kwanza kwa heshima ndipo aanze kula kwao, na bibi yangu aliyenilea alinifundisha hilo kabla ya kunifundisha kufunga kamba za viatu. Hata nikienda kumwona Falonne ninakaa na njaa, bukari, ugali wetu, na samaki vinapita chini ya pua yangu, nasema nimeshiba. Sasa nile ngano ya baba mkwe, hata kama ni ya kwenye simu? Nikakataa. Zamu iliyofuata akatuma tena, nikakataa. Akatuma mara ya tatu, nikakataa, na moyoni nikajisifu kwamba sasa ataona nimelelewa.

Badala yake Falonne akanipigia simu analia. «Ezéchiel, unacheza na tata, ao unanicheza mi?» Akaniambia baba yake aliweka tablette chini, akasema, «Mi nilishapika mara tatu. Mukwe anakatala kukula,» halafu akaenda kulala mchana, jambo ambalo hafanyi. Mimi sikuelewa kitu, Tata Kapend hajawahi kugusa sufuria maisha yake yote, nikamwambia Falonne ampime malaria, akakata simu.

Basi zamu ni yangu na nimeikalia. Merdi, ambaye mke wake alirudi Sandoa kwa wazazi, kwa hiyo ana nafasi ya kufikiria mambo yangu, ananiambia, «Ingia mu Musumba leo leo, ngano yote itakuwa yako, na ya kunyang'anya haina mwiko, mwiko ni ya kupewa.» Nikiingia nitashinda mchezo lakini nitakuwa nimemfukuza baba mkwe katika mji wake, nikivunja jeshi ataniona mwoga asiyeweza kumlinda binti yake, nikikaa hivi hivi njaa itaniua na Falonne hapokei simu. Nivamie au nisivamie, mama? Nisaidie, tangi linakaribia kujaa.

Ni mimi, Jemadari Mwenye Njaa, Manika, Kolwezi.

*

Mama Ernestine anajibu:

Jemadari wangu, pole sana. Pole ya kwanza ni ya njaa, na pole ya pili ni ya jina lako. Uliniomba nisilitaje. Sikulitaja mimi, ulilitaja wewe kwa kinywa cha Falonne, na nilikuwa nimeshalisoma hewani kabla macho hayajaona hatari. Umeandika pia la mchumba, la baba yake, la mama yake, la Merdi na mahali alipo mke wa Merdi. Kwa kuficha siri, mwanangu, wewe ni kapu la kuchotea maji. Basi tuzungumze wazi, maana Kolwezi imeshakujua.

Mchezo wako mimi sikuujua, na siwezi kuhukumu mboga nisiyoionja. Nikamwomba Simone, fundi wa mitambo hapa redioni, aniwekee. Nikaanza na mji wangu. Nikajenga soko. Nikaona raha, nikajenga la pili, nikaweka na kisima na bustani. Simone akaniambia, «Mama, weka hata soda moja ku mulango.» Nikamwambia askari wa nini, mimi ni mtu wa amani. Wakaja wanyang'anyi wawili na marungu yao, wawili tu, wakaingia mjini kwangu kama waalikwa wa harusi, na milki ya Mama Ernestine ikaishia hapo. Simone alicheka mpaka tangazo la sabuni likachelewa.

Kwa hiyo sikucheki kwa kuwa na askari. Askari wanatakiwa, na aliyechomewa shamba ana haki ya kuogopa moshi. Ninakucheka kwa sababu ulichomewa shamba moja, halafu kwa hofu ukayaua mengine yote kwa mkono wako. Hao wanyang'anyi wangekushukuru, umewamalizia kazi. Jeshi ni mbwa wa nyumba: mmoja akibweka, mwizi anapita mbali, ukifuga kumi, watoto watalala na njaa na mbwa watakula mpaka viatu. Mchezo huu, nimeuona, hauulizi una mikuki mingapi. Unauliza mikuki hiyo italishwa na nani kesho.

Na wewe mtoto wa Kolwezi, kweli, hujajifunza kitu hapa tunapoishi? Tumekalia shaba, na unga tunangoja ufike na malori kutoka Zambia. Lori likikwama mpakani, kila mama hapa mjini analijua jina la hilo lori. Shaba haipikwi! Ukapewa nchi mpya kabisa, tupu, uipange unavyotaka, ukaenda kujenga Kolwezi nyingine, tena bila lori. Kazi yako ni kutuliza vumbi, na wewe ndiye unayelitimua.

Sasa nikugombeze vizuri. Mwiko wa wakwe ninaujua na ninauheshimu. Bibi yako alikulea, Mungu amkumbuke. Lakini ulishika nusu ya mafundisho yake. Mtu akienda kwa wakwe anavua kofia, anashusha macho, anakaa pale anapoonyeshwa. Wewe umefika mlangoni kwa baba mkwe na jeshi zima, umelipanga mbele ya mzee mwenye upinde, halafu kwa adabu kubwa ukasema, «Asante tata, nimeshiba.» Hiyo adabu iliishia mdomoni, miguu haikupata habari? Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Wewe umewashinda wahenga, una njaa na una miiko, na bado unashika mkuki.

Juu ya Merdi sitasema mengi. Ni fundi mzuri wa magari, bila shaka. Akikushauri juu ya breki, msikilize. Akikushauri namna ya kuishi na wakwe, mwulize kwanza barabara ya Sandoa ikoje siku hizi.

Lakini kuna jambo, Jemadari, lililonifanya niisome barua yako mara mbili, na mara ya pili nikavua miwani nikaifuta. Unasema unangoja jibu. Tata Kapend aliwaambia wajomba zako kwamba jibu atakupa mwenyewe, na halitapita kinywani mwa mtu. Ukakaa ukitega masikio. Sasa tazama ulichoandika kwa mkono wako. Kwenu, mwanaume anaanza lini kula chakula cha wakwe? Wakimfungulia kinywa. Wanamfungulia kinywa lini? Wakishamkubali. Na nani anapeleka hicho chakula cha kwanza? Wao.

Tata Kapend ni Mlunda, lakini alioa kwa Waluba. Unadhani Mama Myriam alimpata bure? Alikwenda kule Kamina kijana, akakaa kwenye kiti cha ukweni, bukari ikapita chini ya pua yake naye akasema nimeshiba, vile vile kama wewe. Mwiko huo anaujua kwa tumbo lake. Mzee mwenye mguu mbovu, asiyejua kupika, asiyejua kuongea na kijana anayetazama viatu vyake, akatafuta namna ya kukuambia ndiyo. Akaipata. Akajaza msafara ngano, akautuma Kamina.

Hiyo ndiyo ilikuwa ndiyo yako. Ukaikataa.

Akafikiri labda hukuelewa, akatuma tena. Ukakataa. Akameza fahari yake, mkuu wa stesheni mzima, akatuma mara ya tatu. Ukakataa na ukajisifu! Halafu akasema mukwe anakatala kukula. Hakusema petit, umesikia? Petit, kijana mdogo, ni yule aliyeachiwa ili atazamwe. Mwishoni alisema mukwe. Alikuwa ameshakupa jina hilo, na wewe ukamtakia malaria. Ndiyo maana Falonne alilia. Yeye alielewa tangu msafara wa kwanza, alikuwa amekaa karibu na baba yake akingoja ubonyeze. Binti wa watu aliona anakataliwa mbele ya macho yake, mara tatu, na mtu anayesema anampenda mpaka anaogopa kulia juu ya usukani. Ungelia tu, mwanangu. Ingekuwa afadhali.

Sasa uache kuhema, ushike simu. Usivamie. Neno hilo sitalirudia. Jeshi lote litoke mpakani, lirudi Kamina, na vikosi vingi uvivunje humo ndani ya mji. Simone amenionyesha kwamba kikosi kikivunjwa mjini, watu wake wanarudi kulima. Bakisha kimoja langoni na kimoja kwenye mgodi wako, kwa ajili ya wale wanyang'anyi, maana wapo na mimi ni shahidi. Shaba itakayotoka isiguse mkuki tena mpaka umepata mashamba, na ghala, na soko lenye barabara ya kuelekea Musumba. Siku ghala ikijaa ndipo uongeze askari, tena kwa kiasi ambacho ghala hiyo inaweza kulisha bila wewe kutetemeka.

Lakini kabla ya kuvunja, chagua vikosi vyako viwili vizuri kabisa, umtumie Tata Kapend zawadi. Mchezo unaruhusu kutoa askari kama unavyoruhusu kutoa ngano. Wakamsaidie yule mzee wa upinde, maana kusema kweli baba mkwe wako naye amejenga kama mimi, masoko kila mahali na mlango wazi. Siku wale wenye marungu wakipita kwake atalia. Yeye ana ngano isiyo na mlinzi, wewe una walinzi wasio na ngano. Kuogopa kwamba atakuona mwoga, acha. Atakuona mtu aliyeleta kile alichokuwa nacho.

Halafu, zamu hiyo hiyo, umwombe ngano. Usingoje atume ya nne, ya nne ni yako kuiomba. Najua itakuuma. Kuomba chakula ukweni kunauma kuliko mkuki, ndiyo maana kuna thamani. Kisha bonyeza, umalize zamu, mzee wa watu amekaa na mguu wake anangoja.

Na wewe Tata Kapend, ninajua redio yako iko wazi, maana kila Jumamosi redio za Dilala nzima ziko wazi. Nakusalimu kwa heshima, tata. Jibu lako lilikuwa zuri sana, tena lilikuwa zuri mno kwa kijana huyu. Mara nyingine, tafadhali, pitisha hata kidogo kinywani mwa mtu.

Jemadari, simu haitoshi. Kesho ukitoka kanisani, nenda. Usiende na wajomba, usiende na Merdi. Beba kuku mzuri, umpe Mama Myriam kwa mikono miwili, kisha ukae kwenye kiti utakachoonyeshwa. Utamkuta Falonne amekununia, mwache anune, amepata haki hiyo. Tata atatazama viatu vyake, nawe tazama vyako. Halafu mlango wa jikoni utafunguka, na sahani itakuja. Safari hii haitapita chini ya pua yako, itawekwa mbele yako, na nyumba nzima itakuangalia.

Mwanangu, usiseme umeshiba. Nawa mikono, umege bukari, ule.